Sukari ya Bi Zubeda na Ngozi za Maharusi: Kikao cha Dharura, Nyakabiga

UMOJA WA AKINA MAMA WAPAMBAJI WA MAHARUSI, NYAKABIGA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumapili, 9 Novemba 2025 (siku ya thelathini na sita tangu katibu aolewe)
Mahali: Sebuleni kwa Mwenyekiti, Avenyu ya Saba
Kuanza: Saa kumi na robo, baada ya swala ya Alasiri

WALIOHUDHURIA
1. Hadja Kaltum Amur, Mwenyekiti. Ndiye pia anayeandaa sinia ya vitamu vya bi harusi.
2. Bi Khadidja Massoudi, Katibu.
3. Bi Zubeda Ramazani, mpishi wa sukari ya ndimu.
4. Bi Fatouma Moosa, mjumbe. Ni mama yake Dalia, bi harusi wetu wa Jumamosi ijayo.
5. Wajumbe wengine saba, ambao majina yao yamo kwenye daftari la mahudhurio.

MGENI MWALIKWA
Houda Sami, muuguzi wa kituo cha afya huko Ngagara. Alifika amechoka kwa sababu mabasi hayana mafuta, akaja kwa miguu.

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Bi Yasmina. Yuko kwenye foleni ya mafuta na gari la mume wake tangu jana asubuhi na hawezi kuiacha zamu.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa Bismillahi na kuwashukuru wajumbe kwa kuitika wito wa ghafla. Alieleza kwamba hajawahi kuita kikao cha dharura tangu achaguliwe, na kwamba usiku uliopita alipigiwa simu na wajumbe watano, mmoja akilia.

Kila aliyehudhuria aliwekewa kikombe cha chai ya tangawizi yenye sukari, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyegusa. Bi Fatouma alikisogeza chake kwa ncha ya kidole mpaka kikafika upande wa pili wa meza.

KUMB. NA. 2/11/2025: MALALAMIKO YA BI FATOUMA

Bi Fatouma alieleza kwamba binti yake Dalia aliwekwa ndani jana kuanza siku zake saba za uharusi. Jioni hiyo hiyo rafiki yake alimtumia video kwenye simu. Ndani yake kuna mwanamke mwenye nusu ya uso laini na nusu iliyokunjamana kama karatasi ya kufungia karanga, na sauti inasema kwamba sukari inaizeesha ngozi kutokea ndani, polepole, bila mtu kujua.

Kwa ajili ya watakaosoma daftari hili baadaye, katibu anaeleza desturi yenyewe. Alhamisi kabla ya harusi, Bi Zubeda hupika sukari, maji na ndimu mpaka igeuke kahawia. Huiacha ipoe kidogo, huikanda kwa vidole mpaka ing'ae kama dhahabu, kisha huitandaza kwenye mikono na miguu ya bi harusi na kuitoa pamoja na malaika wote, yaani vinyweleo vya mwilini. Kwa miaka thelathini na moja kila bi harusi wa mtaa huu amepita kwenye vidole hivyo.

Bi Fatouma alisema Dalia hataki tena. Maneno yake yalikuwa haya: "Mutoto amefunga mulango. Analia tu. Ananiambia, mama, unataka niolewe na uso ya bibi? Ati tone moja ya sukari ya Zubeda haimuguse."

Alipendekeza Bi Zubeda aweke chini sufuria. Aliongeza sababu ya pili, kwamba hata bila video mikono ya Bi Zubeda imekuwa mizito. Mwezi wa tisa alitumia saa mbili kwa mguu mmoja, sukari ikamgandia vidoleni, na bi harusi akatoka na alama nyekundu kwenye goti.

Bi Zubeda alijibu: "Mi niko hapa, Mama Dalia. Usiniseme kama maiti. Hii vidole ndiyo ilikutoa malaika we mwenyewe, ukalia kama mbuzi mpaka jirani akaja kuuliza nani anachinja."

Wajumbe walicheka. Bi Fatouma hakucheka. Bi Zubeda aliendelea kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mjane, watoto wako Uvira na Kigoma, na hana jambo jingine ambalo mtu hubisha mlango wake kulitafuta. "Sufuria hii ndiyo inafanya niitwe mutu," alisema. "Mukiiondoa, mutaniondoa mi."

Mwenyekiti alishauri wajumbe wasiwe na haraka. Alikumbusha tu kwamba kwa muda mrefu amependekeza nta ya kutolea malaika inayotoka nje ya nchi, ambayo inapatikana dukani kwake Rohero. Bi Zubeda alijibu kwa maneno mawili. Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe.

Hofu ilikuwa kubwa. Wajumbe watatu walikuwa wanajipapasa mashavu. Katibu aliogopa kuliko wote, kwa kuwa alipita mikononi mwa Bi Zubeda tarehe 2 Oktoba, na mume wake Tajudini husema kila asubuhi kabla ya kwenda gereji kwamba ngozi ya mke wake ni kama ziwa kabla upepo haujaamka. Katibu alieleza kwamba hajui atamtazama vipi siku ziwa hilo litakapoanza kuwa na mikunjo. Mwenyekiti aliagiza habari za mume wa katibu zisiingie kwenye kumbukumbu. Agizo limepokelewa.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA MUUGUZI

Mgeni alikaribishwa kueleza kama jambo la video ni kweli. Wajumbe walimwita dokta. Alisema yeye ni muuguzi. Waliendelea kumwita dokta.

Muuguzi Houda alieleza kwamba kuna ukweli ndani yake, na kwamba mtengeneza video ameutia chumvi. Aliuliza ni nini hufanya andazi liwe kahawia na gumu kwa nje. Mjumbe mmoja alijibu ni mafuta. Muuguzi alisema ni sukari kukutana na protini ya unga na maziwa kwenye moto. Zinashikana, zinabadilika rangi, zinakuwa ngumu. Ndani ya mwili pia kuna sukari, inayotembea na damu, na kuna protini kila mahali. Moto wa mwili ni mdogo, kwa hiyo mwili unapika taratibu, mwaka kwa mwaka.

Hapa Bi Fatouma alisema, "Ya Rabi, tuko andazi," na hakuna aliyecheka.

Muuguzi alieleza kwamba chini ya ngozi kuna nyuzi za protini zinazoitwa kolajeni. Hizo ndizo zinazoifanya ngozi inese na kurudi mahali pake. Alitoa mfano wa kitanda cha kamba. Kamba zikiwa safi, ukikaa kitanda kinanesa. Ukimwagia asali na kuiacha ikauke, kamba zinagandana, hakinesi tena, na siku moja zinaanza kukatika. Sukari ikizidi katika damu huzigandisha nyuzi za kolajeni namna hiyo. Mwanzoni inashika kwa wepesi na inaweza kuachia. Ikikaa wiki na miezi inageuka kuwa kifungo ambacho mwili unashindwa kukifungua, na kwa vile kolajeni ya ngozi hukaa miaka mingi kabla ya kubadilishwa, vifungo vinajazana. Ngozi inakuwa ngumu, inapoteza mng'ao, mikunjo inakaa.

Aliongeza kwamba jambo hili linampata kila binadamu kadiri umri unavyokwenda, na kwamba jua na sigara vinalizidisha. Ila mwenye sukari nyingi damuni linamfikia mapema zaidi.

Mtoto wa jirani alisikika akirusha mpira ukutani.

Bi Zubeda aliuliza, bila kumtazama mtu: "Na ile ya kupaka juu? Ile ya sufuria yangu?"

Muuguzi alijibu kwamba sukari ya ndimu inakaa juu ya ngozi dakika chache, inatoka na malaika, mabaki yanaoshwa na maji. Haifiki kwenye kolajeni. Katika miaka thelathini na moja sufuria hiyo haijamzeesha bi harusi hata mmoja.

Mjumbe mmoja aliuliza, kama ni hivyo, ni sukari ipi ya kuogopwa. Muuguzi alisema ni ile inayoliwa na kunywewa. Macho ya wajumbe wote yalihamia kwa Mwenyekiti, kwa kuwa sinia ya bi harusi kwa siku saba huwa na halua, tende, asali, vileja na sharubati, ili atoke akiwa amenona na anang'ara, na Mwenyekiti ndiye anayeipanga.

Bi Zubeda alisema: "Alors, haya basi, Hadja. Mushitakiwa amehama nyumba."

Mwenyekiti alieleza kwamba baba yake aliuza halua maisha yake yote, aliila kila siku, na alifariki akiwa na miaka tisini. Muuguzi alisema Mungu amrehemu, wapo wenye bahati hiyo, na kwamba siku saba peke yake hazimfanyi mtu mzee. Shida ni bi harusi kutoka ndani akiwa amezoea, kisha akaendelea hivyo miaka ishirini.

Katibu aliuliza kama kijiko cha nne cha sukari, ambacho mke anamwongezea mume kwa mapenzi tu, nacho kinahesabiwa. Muuguzi alijibu kwamba kinahesabiwa sawa na vile vitatu. Katibu alihitaji muda kidogo kabla ya kuendelea kuandika, kwa kuwa alikumbuka asubuhi thelathini na sita, na uso wa Tajudini juu ya kikombe akisema hajawahi kunywa chai tamu namna hii.

KUMB. NA. 4/11/2025: KUKUTANISHA VIGANJA

Muuguzi aliomba kila mjumbe akutanishe viganja vyake mbele ya kifua, vidole kwa vidole, pasiwe na mwanya. Alieleza kwamba sukari ikikaa nyingi mwilini kwa miaka, ngozi na kano za mikono nazo hugandana, na vidole hushindwa kunyooka.

Wajumbe wote walifanya hivyo. Viganja vya katibu vilikutana. Vya Bi Fatouma vilikutana. Vya Mwenyekiti vilikutana baada ya kuvua pete.

Vya Bi Zubeda havikukutana. Ncha za vidole ziligusana na viganja vikagusana kwa chini, lakini katikati vidole vilibaki vimepinda kama mbavu, na mwanga wa dirisha ulipita. Alijaribu mara ya pili kwa nguvu. Alijaribu mara ya tatu akibana mikono katikati ya magoti.

Bi Zubeda alisema ni kazi. "Mutu amekanda sukari ya moto miaka thelathini na moja, atakuwa na mikono ya mutoto?" Muuguzi alikubali kwamba kazi nayo hukakamaza mikono, na kwamba viganja si ushahidi. Alimuuliza kama ana kiu sana.

"Nani hana kiu na hii joto ya muji ya Buja?"

Alimuuliza kama anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo. Bi Zubeda alisema hiyo ni siri ya mutu na choo yake. Alimuuliza kuhusu miguu. Bi Zubeda aliivuta ndani ya kitenge, na mikono pia.

Muuguzi alisema ana mashine ndogo ya kupima sukari kwenye mkoba, tone moja la damu ya kidole linatosha. Bi Zubeda alisimama na kutafuta kandambili zake.

Akiwa mlangoni alieleza sababu. Dada yake mkubwa, marehemu, hakuwa na neno lolote. Alikuwa anapika, anaenda sokoni, anacheza kwenye harusi. Siku moja wakamchoma kidole kwenye kituo fulani wakamwambia ana sukari. Mwaka haujaisha alikuwa hana mguu. "Walimupima kidole, wakamukata muguu," alisema. "Mi sipimwi. Musiponipima niko muzima."

Bi Fatouma, ambaye ndiye aliyeleta malalamiko, alianza kulia. Alisema, "Yoo, Zubeda, mi niliogopa uso ya mutoto wangu tu, sikujua," na hakumaliza.

Muuguzi alimwambia Bi Zubeda kwamba kipimo kilichelewa, kikaukuta mguu wa dada yake umeshaharibika. Alisema hayo kwa upole, akiwa amekaa chini kwenye mkeka.

KUMB. NA. 5/11/2025: HOJA YA SUFURIA NA SHARTI LA BI ZUBEDA

Mwenyekiti alisema kwamba, kwa maelezo yaliyotolewa, sufuria haina kosa na haiwezi kuondolewa. Lakini mikono iliyoganda haiwezi kukabidhiwa goti la bi harusi mpaka ijulikane imegandishwa na nini. Kwa hiyo ama Bi Zubeda apimwe, ama Alhamisi apike mtu mwingine.

Bi Zubeda alirudi kutoka mlangoni hatua mbili. "We kwanza," alimwambia Mwenyekiti.

Mwenyekiti alieleza kwamba yeye hana tatizo. Alielezwa na wajumbe kadhaa kwamba hilo si jibu. Alieleza kwamba alikula saa saba mchana. Muuguzi alisema haidhuru, atazingatia. Alieleza kwamba leo ni Jumapili. Hakuna aliyeelewa Jumapili inahusu nini.

Imeonekana vyema kuandika kwamba hatimaye Mwenyekiti alikubali kuchomwa kidole. Alimpa katibu mkono wake wa kushoto aushike, na katibu aliushika, akiwaza jinsi Tajudini alivyoushika wa kwake siku ya harusi, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti alifumba macho. Namba ikatoka 118, ambayo muuguzi alisema haina shida kwa mtu aliyekula mchana, ila asisahau kupimwa tena asubuhi kabla ya kula siku moja.

Mwenyekiti alisema Alhamdulillahi mara tatu. Halafu, badala ya kurudi kwenye kiti chake, alimwendea Bi Zubeda, akamkalisha mkekani, akakaa pembeni yake na kuutafuta mkono ndani ya kitenge.

Alisema: "Mwaka wa tisini na nne nani alinipamba? Mi ndiyo harusi yako ya kwanza, Zubeda. Risasi zinalia mutaa ya Kamenge, mama yangu anasema tuache, twende chini ya kitanda. Muguu moja ulikuwa umemaliza. We ukasema bi harusi hawezi kuolewa na muguu moja ya mutu na moja ya tumbili."

Bi Zubeda alisema anakumbuka. Alisema siku hiyo alikuwa anaogopa mpaka ndimu ikaanguka mara mbili.

"Basi leo nitakaa mi," alisema Mwenyekiti. "Sitoki mpaka umemaliza."

Bi Zubeda aliuliza kama akikutwa nayo watamkata. Muuguzi alijibu kwamba kuna dawa, kuna chakula cha kupanga, kuna miguu ya kuangaliwa kila siku, na kwamba watu wengi wanaishi nayo mpaka uzee wakiwa na viungo vyao vyote. Hakumwahidi zaidi ya hapo. Katibu anaandika hivyo kwa sababu wajumbe wawili walimtaka aahidi, na alikataa.

Bi Zubeda alitoa kidole. Ngozi ilikuwa ngumu. Sindano ya kwanza haikutoa damu. Ya pili ilitoa. Mashine ilihesabu sekunde tano, na katika sekunde hizo tano wajumbe wote walikuwa wanasoma kimyakimya, kila mtu dua yake.

KUMB. NA. 6/11/2025: YALIYOAMULIWA

Muuguzi alisoma namba na kusema iko juu, juu sana. Alieleza kwamba namba moja ya alasiri haitoshi kuhitimisha, lakini Bi Zubeda asingoje. Kesho asubuhi aende kituo cha afya bila kula, apimwe tena, na afanyiwe pia kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyoigandia damu kwa miezi mitatu iliyopita. Alisema kilichoganda kwenye vidole hakitalainika kwa siku moja na huenda kingine hakitalainika kabisa. Namba yenyewe, hata hivyo, inaweza kushuka, na ikishuka, kuganda kupya kunapungua.

Mwenyekiti alisema atamsindikiza. Kama hakuna basi watakwenda kwa miguu, na kama Bi Zubeda atachoka watakaa njiani mpaka apumzike.

Bi Fatouma aliondoa malalamiko yake. Aliomba Bi Zubeda mwenyewe aende kuongea na Dalia kupitia mlango uliofungwa, kwa kuwa mama mtu hasikilizwi tena. Bi Zubeda alikubali, akasema yeye milango ya maharusi anaijua, hata ule wa katibu ulifungwa saa nzima kwa uoga. Jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.

Sinia ya Dalia itabaki na tende tatu kwa siku, karanga, samaki na matunda. Mwenyekiti alikubali hili kwa kuinamisha kichwa.

Sufuria inabaki ya Bi Zubeda. Alhamisi yeye atapika, kwa kuwa jicho lake ndilo linalojua rangi ya sukari ikiwa tayari. Kukanda atafanya katibu, Bi Zubeda akiwa amekaa nyuma yake. Katibu alisema hajawahi na anaogopa kuungua. Bi Zubeda aliigeuza mikono ya katibu juu na chini, akaibonyeza, akasema, "Inanesa. Itafaa."

Kisha Bi Zubeda aliuliza kama namba yake itaandikwa kwenye daftari. Mwenyekiti alisema kumbukumbu ni kumbukumbu. Bi Zubeda akauliza kama inaweza kuandikwa kwa penseli, kwa kuwa dokta amesema inashuka.

Ombi lilikubaliwa na wajumbe wote. Katibu aliazima penseli kwa mtoto wa jirani na kuandika: 312.

Wajumbe waliachana saa kumi na moja na dakika arobaini, Magharibi ikikaribia.

Mwenyekiti: Hadja Kaltum Amur (sahihi)

Katibu: Khadidja Massoudi, mke wa Tajudini (sahihi)